Miaka mitatu na nusu ya kumwombea mdogo wangu, na makosa niliyofanya

Wapendwa mtanivumilia, hii ni ndefu na naandika kwenye simu. Wiki iliyopita dada mmoja tunasali nae kanipigia usiku analia, mume wake kaambiwa figo zimefeli, anataka nimwambie amwombeeje. Nilikaa na simu sikioni nikakosa cha kusema, mimi ambaye zamani ungeniuliza hivo ningekupa mistari kumi na ratiba ya mfungo juu. Kwa iyo nimeamua niandike yote, na ya aibu pia, maana sisi makosa yetu mengi hayakutokana na kukosa imani, imani tulikua nayo mpaka inamwagika.

Ni Oktoba 2018. Mdogo wangu fundi aluminiamu, miaka 33, mtu wa kubeba madirisha gorofa ya nne bila kuhema. Kichwa kilikua kinamuuma karibu mwaka mzima, akiumwa anameza diklofenaki anaendelea na kazi. Kumbe ile ni presha na hakuna siku aliyopima, na zile dawa za maumivu ukizizoea nazo zinaumiza figo, hilo nimelijua nikiwa nimeshachelewa. Siku tunampeleka hospitali uso umevimba kama mtoto aliyelia usiku kucha, presha 210 kwa 130, daktari akatuambia figo zote mbili zimefika hatua ya mwisho, anaanza kusafishwa damu leo leo. Wakamwekea mpira wa kupitishia damu shingoni.

Mimi kipindi icho ni katibu wa kikundi cha maombi usharikani kwetu, sisi ni Walutheri, kwetu asili ni Lushoto ila tumekulia Dar. Na nikisema ukweli wa Mungu, kuna kasauti kalinijia ndani kakasema sasa Mungu anataka kujitukuza kupitia familia yenu. Nikaanza kupanga ushuhuda kabla hata mgonjwa hajatoka wodini. Mpaka kitenge nitakachovaa siku anasimama mbele ya kanisa nilishakichagua.

Nilikua nimelishika sana lile fundisho la kukiri, kwamba ukisema "naumwa" unaufunga ugonjwa mwilini, useme nimepona hata kama hujaona. Nikapiga marufuku neno ugonjwa nyumbani. Watu wa jumuiya wakiuliza, tunajibu anaendelea vizuri kwa jina la Yesu. Sasa matokeo yake hakuna aliyejua kwamba kila akiingia kwenye mashine tunalipa laki mbili na ishirini, mara tatu kwa wiki, Jumatatu Jumatano Ijumaa, masaa manne manne. Mwezi unakula milioni mbili na laki sita na ushee, hapo hujaweka sindano za kuongeza damu wala nauli. Kiwanja chake cha Chanika kikauzwa Desemba milioni tano, Februari hakuna hata senti. Na watu wakija kusali wanakuja na upendo wao, wamebeba ndizi na madafu, vyote vina potasiamu ambayo mtu wa figo ikimzidi inaweza kusimamisha moyo, na sisi hatuwezi kuwaambia asile kwa sababu tumeshasema mzima. Tulikua tunapokea madafu tunanywa sisi.

Baadae sana nikaja kugundua kwenye Biblia hakuna huko kuficha. Bartimayo anaulizwa unataka nikufanyie nini, anasema nataka kuona, basi. Dada zake Lazaro wanatuma ujumbe, "Bwana, yeye umpendaye hawezi." Hawezi, yaani anaumwa. Hawakusema anaendelea vizuri. Kwa iyo ukiwa na mgonjwa waambie watu anaumwa nini, anaruhusiwa kula nini, na gharama ni shilingi ngapi kwa wiki. Siku nilipoisema mwenyewe kwenye jumuiya huku natetemeka nikijua naharibu imani, mama mmoja muuza vitumbua akavua kilemba akakizungusha pale pale, tukapata laki na themanini. Kumbe walikua wanatushangaa tu, wanasema hawa watu mbona hawasaidiki.

Ila hadithi ya hela yenyewe ngoja niieleze vizuri maana hapa ndo Mungu alinicheka, nadhani.

Tulifunga siku 21 kuombea hela. Tuliandika kabisa kwenye karatasi, Bwana fungua mlango wa milioni thelathini, tukaiweka chini ya Biblia. Siku ya kumi na ngapi sijui, Jumatano, niko nae kwenye mashine, sista anabadilisha plasta ya shingoni akaniuliza tu kama anapiga stori, "Hivi mke wake si mwalimu? Mbona mnalipa keshi?" Wifi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Mshahara wake unakatwa bima ya afya kila mwezi na ile bima inambeba mwenza. Tatizo ni kwamba mwenza anatakiwa awe na cheti cha ndoa, na hawa wawili wameishi miaka minane, watoto wawili, mahari haijaisha, ndoa hakuna. Mchungaji kawafuata mara sijui ngapi, njooni mfunge ndoa, jibu la mdogo wangu siku zote "tukipata hela ya sherehe mchungaji."

Basi tukarudi kwa mchungaji tumeinamisha vichwa. Matangazo yakasomwa Jumapili tatu, siku 21 nyingine. Baba mkwe akasamehe mahari iliyobaki kwa simu, tena akakasirika kwa nini hatukumwambia mgonjwa kazidiwa hivo. Wakafunga ndoa Jumamosi saa moja asubuhi, bwana harusi kafunga kifungo cha shati mpaka juu na skafu ili mpira usionekane, kreti mbili za soda, saa tatu tumemaliza. Cheti kikapelekwa, fomu zikajazwa, kuzunguka kidogo, mwezi wa tano kadi ikatoka na bima ikaanza kulipa mashine.

Mungu angeweza kutupa milioni thelathini, sikatai. Ila alitujibu kwa mdomo wa sista mwenye plasta mkononi, na jibu lenyewe ni jambo tulilokua tunaambiwa miaka minane tunalikwepa. Ndo maana siku izi mtu akiniambia tufunge tuombee hela ya matibabu namuuliza kwanza, umeenda dirisha la bima? Umeenda ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali? Una cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho? Kama hujaenda twende kwanza, na njiani kwenye daladala tutasali.

Hela ilipotulia ungesema na sisi tutulie. Mimi ndo sikutulia, maana ushuhuda wangu ulikua bado. Miezi tisa imepita, kijana bado anaenda mashine, na pale kikundini naona kama wananiangalia. Mwezi wa saba nikampeleka kwa mtumishi mmoja, mahali na jina nitaacha. Chupa ya maji ya upako elfu kumi, mafuta elfu thelathini, na mbegu, yaani sadaka, ya laki tatu ya kufungua madhabahu. Tukalipa, nilikopa kikoba. Akatuambia mambo mawili. La kwanza, upande wa baba kuna mwanamke mfupi anakula figo za mtoto wa kaka yake. La pili, imani yenu imegawanyika, mguu mmoja kwa Mungu mguu mmoja kwenye mashine, Mungu hachangii utukufu.

Mwanamke mfupi upande wa baba ni shangazi, hakuna mwingine. Shangazi ambaye baba alipofariki alikuja kukaa na sisi miaka miwili, ndo alinifundisha kusali kabla ya kulala. Mama akaamini hapo hapo kwa sababu walishagombana mambo ya shamba. Ikapigwa simu Lushoto, yakasemwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mimi nilikua nimekaa pembeni ya mama nikiyasikia na sikumzuia.

Na mashine tukaacha. Ijumaa alienda, Jumatatu hakwenda, Jumatano hakwenda. Alhamisi usiku saa nane wifi ananigongea. Nikamkuta amekaa kitandani ameshika magoti, hawezi kulala chali, kifua kinatoa ile sauti ya mrija ukifika mwisho wa soda. Maji yamejaa kwenye mapafu. Bajaji mpaka hospitali, wakamuingiza kwenye mashine usiku ule ule wakamtoa lita tatu na nusu. Alfajiri alipoweza kuongea akaniambia, "Dada mimi nilikua najua itakua hivi. Nilikubali ili usiaibike."

Sikulia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikashindwa hata kusema Baba yetu.

Kama kuna kitu kimoja utakichukua hapa chukua iki, asije mtu yeyote akakuambia uache dawa au mashine ili Mungu akuone. Soma 2 Wafalme 20, Hezekia anaumwa karibu kufa, Isaya anarudi na neno kwamba Mungu amesikia sala na ataponywa, na Isaya huyo huyo anasema twaeni mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, akapona. Neno la Mungu na dawa mkononi, mtu mmoja, siku moja. Na Yakobo 5 anayosema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wampake mafuta, nimesoma nyuma na mbele sijaona bei ya mafuta. Na lile la nani kamroga, wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule kipofu, nani katenda dhambi, huyu au wazazi wake, akajibu si huyu wala wazazi wake. Nilikua naijua Yohana 9 kwa kichwa, nimeifundisha mpaka kwenye semina! Lakini siku nimekaa pale mbele ya mtumishi haikuja kichwani hata herufi.

Baada ya hapo sikusali kama miezi mitatu. Kanisani naenda, naimba, nikifika nyumbani kimya. Nilijiuzulu ukatibu nikasema kazi zimekua nyingi.

Aliyenirudisha ni mwinjilisti mmoja mstaafu, mzee wa miaka sabini na kitu. Alikuja pale hospitali siku ya mashine, hakubeba chochote, akakaa na mimi kwenye benchi la nje. Nilijua ataanza kunitia moyo nikajiandaa kuchukia. Akafungua Zaburi 88 akasoma yote taratibu. Ile zaburi kama huijui inalia mwanzo mpaka mwisho, na neno la mwisho kabisa ni giza. Akafunga Biblia. Nikamuuliza, "Mzee, mbona haina mwisho mzuri?" Akasema, "Mwisho mzuri uko kwenye zaburi nyingine mwanangu. Leo tuko kwenye hii." Tukakaa mpaka mashine ikaisha. Hiyo ndo sala ya kwanza niliyosali baada ya miezi mitatu na sikufungua mdomo.

Toka siku iyo nikaanza kusoma upya habari za maombi kama mtu asiyejua kitu. Yesu Gethsemane anaomba kikombe kimuepuke, hakikumuepuka. Paulo anaomba mwiba utoke, mara tatu, anaambiwa "neema yangu yakutosha." Daudi anafunga siku saba analala chini kwa ajili ya mtoto na mtoto anakufa, anaamka anaoga anaenda nyumbani kwa Mungu kusujudu halafu anaomba chakula. Hakuna mahali Biblia inasema hawa imani yao ilikua ndogo. Ule usemi wa kwamba Mungu anajibu ndiyo, hapana, au subiri, tunafundishwa toka Sunday school, sijaukataa, ila ukiwa kwenye lile benchi haukusaidii sana, maana hapana na subiri ukizisikiliza zinafanana kabisa. Kilichonisaidia mimi ni kuona kwamba wale wote waliendelea kuongea nae. Hata wakiwa wamekasirika.

2020 tukaanza habari za kupandikiza figo. Wengi hawajui kwamba siku izi si lazima India, Muhimbili walianza 2017 na Dodoma pale Benjamin Mkapa 2018, ila anayetoa awe ndugu na awe mzima kweli kweli. Nikajitolea. Nilisali kwa furaha, nikasema aa kumbe ndo maana, jibu ninalo mwenyewe tumboni. Nikapimwa, presha 160 kwa 100, mkojo una protini. Nikakataliwa siku iyo iyo na nikaanzishiwa dawa, ninazo mpaka leo. Watu wakaniambia unaona, Mungu katumia ugonjwa wa mdogo wako kukuokoa wewe. Wanamaanisha vizuri lakini jamani msiseme hivo kwa mtu. Sikuweza na siwezi mpaka leo kumshukuru Mungu kwa bei iyo. Namshukuru kwa vidonge, naishia hapo.

Mama umri umeenda. Wifi damu haziendani. Na sasa sikia hii, shangazi ana watoto wanne, wakubwa, wazima, damu yetu. Tungeanzaje kuwaomba figo watu ambao mama yao tulishamwita mchawi? Hakuna aliyelisema kwa sauti nyumbani. Tulikua tunakwepana macho tu.

Mwaka wake wa mwisho mdogo wangu alinifundisha kusali. Alikua na fistula mkono wa kushoto, ile wanayounganisha mishipa ili sindano ziingie, ukiweka vidole juu yake unasikia inavuma kama simu iliyo kwenye vaibresheni. Kila siku ya mashine ananipa mkono niuguse, ikivuma maana yake iko hai. Halafu sindano zenyewe mbili, nene kama mrija wa peni. Siku moja nimeanza sala yangu ndefu ya kuvunja na kubomoa akanikatisha, "Dada, niombee sindano ya kwanza ipate. Ile ya pili mwenyewe ntaomba." Basi ikawa ndo sala yetu. Bwana, sindano ya kwanza ipate. Bwana, leo asishikwe na mkakamao wa misuli. Bwana, kiu. Maana anaruhusiwa kunywa chini ya lita moja kwa siku, na joto la Dar mnalijua, alikua anamung'unya vipande vya barafu anahesabu.

Nikaanza daftari. Tarehe, ombi, kilichotokea. Sala kubwa za zamani zote ningeziandikia bado, lakini hizi ndogo nilikua najaza kila siku, imepata, haikupata, imepata. Na siku ambayo haikupata wakamchoma mara nne nilikua naandika hivo hivo, mara nne. Nakushauri uwe nalo, siyo la kumhesabia Mungu alama, ni la kukusaidia kukumbuka maana ukiwa na mgonjwa siku zinachanganyika zote zinakua giza moja.

Alifariki Machi 2022 Jumapili alfajiri, usingizini, moyo. Kiwango cha maneno niliyoambiwa msibani sitasimulia, ila kuna mmoja alisema tungeendelea na yule mtumishi angepona. Nilikua na sahani ya wali mkononi, ashukuru Mungu tu.

Shangazi alikuja. Basi la usiku kutoka Lushoto. Alikaa nyuma kule kwa wanaomenya viazi, siku tatu, mama hakumsalimia, na mimi nilimsalimia kama mgeni. Mwezi wa sita nikapanda kwenda. Nilimkuta nje anapepeta maharage kwenye ungo, nikapiga magoti pale pale kwenye makapi nikasema yote, mtumishi, simu, kwamba nilikuwepo pembeni. Alinyamaza muda mrefu anachambua mawe. Akasema, "Mimi nilimwombea kila jioni. Hata mliponisema." Halafu akasema, "Wanangu walikua wanasubiri mwite. Mbona hamkuita?"

Sina jibu. Alinisogezea ungo nimalizie, akaenda kuchemsha chai.

Mama bado hajaongea nae. Lipo kwenye daftari, nimeliandika kwa penseli.

Huyo dada wa wiki iliyopita nimempigia jana. Nimemwambia sina maombi ya kumfundisha ila Jumatatu nitaenda nae kwenye mashine, saa kumi na mbili asubuhi tukutane getini. Abebe kadi ya bima na cheti cha ndoa. Na ambebee mumewe soksi na shuka zito, mle ndani kiyoyozi ni kikali na damu ikiwa nje ya mwili mtu anasikia baridi sana.